Sikio Linalokesha Hula Betri



Ukitembelea vijiji vyetu vya Zombe, Mwitika hadi kule Endau, utakuta vyombo ambavyo wazazi wetu hawakuvijua. Taa ya sola imefungwa juu ya mti wa boma, na mama anaiwasha kwa rimoti akiwa mlangoni. Sanduku la sola la kulipa pole pole liko ukutani, na linafunguka lenyewe mtu akilipa kwa M-Pesa. Kwa wengine kuna kengele isiyo na waya kwa ajili ya mgonjwa aliye kitandani, au swichi inayowasha pampu ya kisima kutoka mbali. Hivi vyote ni baraka. Lakini vyote vina tabia moja ambayo wengi wetu hatuijui: chombo hakiwezi kupokea amri kama hakisikilizi, na kule kusikiliza kunakula betri.

Hili si jambo la mafundi peke yao. Pale mjini betri ikiisha mtu anavuka barabara na kununua nyingine. Kwetu, pesa ya betri inatoka katika mfuko ule ule wa unga, sabuni na karo, na duka pengine liko mbali. Kengele ya mgonjwa ikikosa nguvu usiku, ataita na hakuna atakayemsikia. Sanduku la sola likizimika, mama amelipa pesa yake na bado anakaa gizani. Yeye analaumu kampuni, kampuni inalaumu netiweki, na mtoto hajamaliza kazi ya shule.

Basi katika makala haya tutaeleza kwa nini betri za vyombo hivi huisha, jinsi vyombo vizuri vinavyookoa nguvu, na mambo ambayo kila nyumba inaweza kufanya bila kununua kitu kipya.

1. CHOMBO KINA SIKIO, UBONGO NA MKONO

Kila chombo kinachoamrishwa kutoka mbali kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kipokezi, yaani sehemu inayopokea mawimbi. Tuiite sikio. Ya pili ni chipu inayoelewa amri. Huo ni ubongo. Ya tatu ni ile inayofanya kazi yenyewe: inawasha taa, inapiga kengele au inafungua maji. Huo ni mkono.

Watu wengi hufikiri kwamba mkono ndio unaokula betri. Wakati mwingine ni kweli, lakini si kila mara. Fikiria kengele ya mgonjwa. Labda inalia mara tano kwa siku, kila mara sekunde chache tu. Saa zote zilizobaki, mchana na usiku, haifanyi kitu chochote isipokuwa kusikiliza kama kuna anayeita. Ni kama mlinzi wa duka. Hafukuzi mwizi kila usiku, lakini mshahara wake ni wa kila usiku.

Jambo hili tunalijua tayari kwa redio. Ukisikiliza Musyi FM na ukapunguza sauti, unaokoa betri, kwa sababu spika hula zaidi kadiri sauti inavyopanda. Lakini ukipunguza sauti mpaka isisikike kabisa, redio bado inakula. Imenyamaza, ndiyo, lakini haijalala. Sikio lake liko macho. Ukitaka ikome kula, lazima uizime.

2. TUFANYE HESABU KIDOGO

Usiogope hesabu hii, ni ya mtungi wa maji. Betri ni mtungi. Ukubwa wa mtungi huo huandikwa kwenye betri nyingi kwa herufi mAh, yaani miliampea-saa. Chombo ni tundu katika mtungi, na ukubwa wa tundu hupimwa kwa miliampea, yaani mA. Mtungi wa 2,000 mAh wenye tundu la 1 mA utakaa saa 2,000. Tundu likiwa la 10 mA, utakaa saa 200 tu.

Sasa tuchukue kipokezi cha bei rahisi cha mawimbi ya redio, cha aina inayotumika katika kengele na swichi nyingi zisizo na waya. Kikiwa macho kinakula takriban 5 mA. Ni kidogo sana, huwezi hata kuhisi joto. Betri nzuri ya alkali ya saizi ya AA hubeba takriban 2,500 mAh. Tukigawanya 2,500 kwa 5 tunapata saa 500. Tukigawanya 500 kwa 24 tunapata kama siku 21. Yaani wiki tatu, na betri zimekwisha, hata kama hakuna mtu hata mmoja aliyebonyeza kengele!

Mtu anaweza kusema, "Lakini chombo changu kinatumia betri mbili, kwa hivyo kitakaa mara mbili." Hapana. Betri mbili zikifuatana huongeza msukumo, yaani volti, lakini mtungi unabaki wa 2,500 mAh. Kwa hivyo chombo hicho kitataka seti mpya kama 17 kwa mwaka, yaani betri 34. Na kama unanunua zile betri za bei ya chini za zinki, ambazo mtungi wake ni mdogo kuliko nusu ya ule wa alkali, hesabu inakuwa mbaya zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza kibaba.

3. DAWA YAKE NI USINGIZI

Wataalamu wa mambo ya mawimbi waliona kwamba sikio halina haja ya kukesha wakati wote. Linaweza kulala, liamke kidogo, lisikilize kama kuna anayeita, na kama hakuna lirudi kulala.

Tuseme sikio linaamka mara moja kila sekunde, na kila likiamka linasikiliza kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Katika kila sehemu 100 za wakati, 99 limelala. Likiwa limelala, chipu nzuri hula kama 0.005 mA tu. Basi tukijumlisha kukesha na kulala, wastani wake ni kama 0.055 mA badala ya 5. Tukigawanya 2,500 kwa 0.055 tunapata zaidi ya saa 45,000, ambazo ni kama miaka mitano.

Kusema kweli, hutapata miaka mitano hiyo yote. Betri yenyewe hupoteza nguvu ikikaa, joto letu la Kitui huharakisha jambo hilo, na kuamka kwenyewe pia kuna gharama yake. Lakini hata tukikata hesabu hiyo mara nne, bado ni zaidi ya mwaka mmoja. Linganisha na wiki tatu. Betri ni ile ile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni usingizi tu.

Sasa wewe utauliza: je, kama sikio limelala wakati naita, si nitakosa kusikika? Jibu lake liko katika desturi yetu wenyewe. Mtu aliye ng'ambo ya bonde akitaka kumwita jirani, haanzi na ujumbe. Kwanza anavuta sauti ndefu. Jirani akiinua kichwa na kuitikia, ndipo anaambiwa, "Mama yako anakuita, mbuzi wameingia shambani!" Angeanza na habari ya mbuzi moja kwa moja, nusu ya maneno ingepotea.

Rimoti ya chombo kinacholala hufanya vivyo hivyo. Ukibonyeza, inatuma kwanza mwito mrefu usio na maana yoyote, mrefu kupita usingizi wa sikio. Kama sikio hulala sekunde moja, mwito huchukua zaidi ya sekunde moja. Sikio likiamka linaukuta mwito bado uko hewani, linabaki macho, na ndipo amri yenyewe inafuata. Kwa hivyo kuna bei mbili za kulipa. Rimoti inatumia nguvu zaidi kila inapobonyezwa, na kazi inachelewa kidogo. Lakini rimoti inabonyezwa mara chache tu kwa siku, wakati sikio liko kazini saa 24. Ni biashara yenye faida.

Hata simu yako ndogo ya kabambe inaishi hivyo. Haisikilizi netiweki kila wakati. Wamepatana na mnara kwamba itaamka kwa zamu yake, baada ya kila nusu sekunde hadi kama sekunde mbili, kuuliza kama kuna simu yake. Ndiyo maana inaweza kukaa siku kadhaa bila kuchajiwa na bado ukipigiwa inalia.

Nikifikiria jambo hili nakumbuka mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo. Mara nyingi tunawahubiria watu kana kwamba wale watano wapumbavu walikosa kwa kulala. Lakini soma vizuri: wote kumi walisinzia, hata wale wenye busara. Tofauti ilikuwa mafuta. Aliyelala akiwa na akiba aliamka na kuwasha taa. Chombo chenye busara ni kama hao watano: kinalala ili mafuta yasiishe kabla ya kuitwa.

4. USINGIZI UPIMWE KWA UZITO WA KAZI

Hapa ndipo hekima inahitajika, kwa sababu kila kazi ina haraka yake.

Kengele ya mgonjwa, au ya mama mjamzito aliye karibu kujifungua, isilale zaidi ya sekunde moja au mbili. Kuokoa betri ni vizuri, lakini si kwa kumchelewesha mtu mwenye shida.

Taa ya nje inaweza kusubiri sekunde moja bila mtu kulalamika.

Pampu inayojaza tangi inaweza kuchelewa dakika moja nzima. Tangi haliwezi kufurika kwa dakika moja, isipokuwa ni dogo sana.

Maji ya matone katika bustani ya sukuma wiki yanaweza kusubiri dakika kumi. Tena hapo swali kubwa ni hili: je, kuna haja ya sikio? Kama unamwagilia saa kumi na mbili asubuhi kila siku, chombo chenye saa ndani yake kinatosha. Kinafungua na kufunga kwa wakati wake bila kumsikiliza mtu.

Na kuna vyombo ambavyo sikio lake ni vidole vyako. Mita ya stima ya tokeni ni mfano mzuri. Unanunua, unapata tarakimu 20, unazibonyeza mwenyewe. Ujumbe umetoka kwa kampuni hadi kwenye mita, lakini sehemu ya mwisho ya safari umeubeba wewe kwa mkono. Kuna masanduku ya sola ya namna hiyo pia, yenye vibonyezo vya namba. Mahali ambapo netiweki ni ya kubahatisha, sanduku la namba lina nafuu yake. Halina sikio la kulisha usiku kucha, na unaweza kuipokea namba penye netiweki, juu ya kilima, kisha ukarudi nayo nyumbani.

5. MFANO WA KYUSO

Tusifikiri haya ni mambo ya Ulaya tu. Hapa hapa katika kaunti yetu, kule Kyuso upande wa kaskazini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio katika miaka ya 2012 na 2013. Walitia chombo kidogo chenye laini ya simu ndani ya mipini ya pampu za mkono 66. Mpini ukichezwa, chombo kinahisi mwendo wake. Kikihesabu kinajua pampu imetumika kiasi gani. Pampu ikinyamaza bila sababu, fundi anajua kuna shida.

Ingekuwaje kama chombo hicho kingeacha simu yake wazi saa zote? Betri ingeisha upesi, na fundi angeenda kubadilisha betri badala ya kurekebisha pampu. Kwa hivyo kile kilichohisi mwendo kilikuwa kitu kidogo kisichokula sana, na hesabu zilikusanywa, ndipo zikatumwa pamoja kwa ujumbe mfupi. Simu haikupiga kelele kila mama alipochota ndoo moja.

Matunda yake? Kabla ya jaribio, pampu iliyoharibika Kyuso ilikaa wastani wa siku kama 27 kabla ya kutengenezwa. Katika jaribio, pamoja na mafundi waliowekwa tayari, muda huo ulishuka chini ya siku tatu. Mama aliyewahi kusubiri pampu karibu mwezi mzima, akitembea hadi mto mkavu kuchimba mchanga, anajua maana ya tofauti hiyo. Chombo kidogo kinachojua kulala kilisaidia watu wakapata maji.

6. SANDUKU LA SOLA LENYE LAINI NDANI

Wengi wetu tunajua sola ya kulipa pole pole. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuziuza Kenya mwaka 2012, na wengine wakafuata. Baadhi ya masanduku ya namna hii yana laini ya simu ndani. Ukilipa, habari inakuja kwa mawimbi, sanduku linapokea na linakufungulia taa.

Jambo la kujua ni hili. Simu iliyo ndani ya sanduku, ikisikiliza tu kwa zamu, hula kidogo sana. Lakini ikituma habari kwenye mnara wa kawaida wa simu, inaweza kuvuta kwa mikupuo mifupi hadi karibu ampea 2, yaani 2,000 mA. Kama betri ya sanduku imechoka, mkupuo huo unaiangusha. Ndiyo maana mtu anaweza kushangaa: "Balbu inawaka vizuri, mbona sanduku linazima lenyewe?" Balbu inataka kidogo. Simu inataka kingi kwa ghafula. Ni kama punda mzee anayetembea vizuri bila mzigo, lakini ukimpandishia magunia mawili anapiga magoti.

Tena netiweki ikiwa dhaifu, simu hupaza sauti zaidi na kutafuta mnara mara kwa mara, na hivyo hula zaidi. Kwa hivyo sanduku lililofichwa kwenye kona ya nyumba ya mabati litaumia kuliko lililo karibu na dirisha. Mabati huzuia mawimbi.

Kwa hivyo ukilipa na taa isifunguke, kabla ya kugombana na mtu angalia kwanza: je, sanduku limepata jua leo? Je, liko mahali penye netiweki? Lipe jua la asubuhi nzima, ulisogeze karibu na dirisha, kisha usubiri. Likikataa bado, hapo piga simu kwa kampuni, na uweke ujumbe wako wa M-Pesa kama ushahidi.

7. TUSISINGIZIE ASIYE NA HATIA

Kabla ya kuokoa, jua nani anakula. Taa ya sola yenye rimoti kama ya televisheni hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na sikio lake mara nyingi hula chini ya 1 mA. Tuseme ni nusu, 0.5 mA. Kwa saa 24 ni 12 mAh tu. Lakini balbu ikila 300 mA kwa saa kumi za usiku, hiyo ni 3,000 mAh, yaani mara 250 ya sikio. Hapo ukitaka kuokoa, punguza mwanga usiku wa manane na upanguse vumbi la paneli. Sikio halina hatia.

Lakini katika kengele, swichi ya mbali au chombo chochote chenye betri ndogo kinachofanya kazi mara chache, mlaji mkubwa ni sikio. Kwa ufupi: chombo kinachofanya kazi muda mrefu, angalia mkono. Chombo kinachosubiri muda mrefu, angalia sikio.

8. MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

(a) Zima kwa swichi ya mwilini, si kwa rimoti tu. Taa iliyozimwa kwa rimoti bado inasikiliza. Ukisafiri kwenda Nairobi kwa wiki mbili, zima kwenye chombo chenyewe. Kama ni betri ya kuchaji, usiiache ikiwa tupu kabisa wakati wa kuihifadhi, maana betri ya lithiamu huharibika ikikaa tupu. Ichaji kiasi kwanza.

(b) Unaponunua, soma maandishi ya boksi. Uliza fundi: "Kipokezi hiki hula miliampea ngapi kikisubiri?" Kama muuzaji hajui, uliza betri zinakaa muda gani. Chombo cha bei rahisi kinachokula betri 34 kwa mwaka si cha bei rahisi.

(c) Usichanganye betri mpya na nzee, wala aina mbili tofauti. Ile iliyochoka huivuta mwenzake, na mara nyingi huvuja na kuharibu chombo.

(d) Kwa chombo kinachosubiri mwaka mzima, tumia alkali. Betri za kawaida za kuchaji hupoteza nguvu zikikaa tu, hata kama hazitumiki, isipokuwa zile zilizoandikwa kwamba hutunza chaji. Pia zina volti 1.2 badala ya 1.5, na vyombo vingine huziona kama zimekwisha.

(e) Usianike betri kavu juani wala kuziuma kwa meno. Mawe ya tochi yaliyoanikwa hupata nguvu kidogo kwa muda, hilo ni kweli, lakini joto huyafanya yavuje upesi. Weka betri mahali pa baridi, si chini ya mabati wala karibu na jiko.

(f) Angalia rimoti isibonyezwe na vitu. Rimoti haina sikio, inasema tu ikibonyezwa, ndiyo maana betri zake hukaa. Lakini ikikaliwa na mto au kitabu usiku kucha, inapiga kelele hadi asubuhi.

(g) Weka kipokezi mahali panaposikika. Mbali na mabati, juu kidogo kutoka chini. Sikio likisikia vizuri, hutabonyeza mara nne kwa kazi moja.

(h) Kwa kengele ya mgonjwa, usingoje betri ife. Andika tarehe ya kuweka betri kwenye kipande cha karatasi, ukibandike mgongoni mwa chombo. Jaribu kengele kila Jumapili baada ya Misa. Betri ukizitoa kabla hazijaisha, zimalizie kwenye redio.

(i) Mita ya tokeni yenye kibodi ndani ya nyumba wakati mwingine huhitaji betri pia. Weka akiba ya betri nzuri, kwa sababu tokeni huisha usiku, si mchana.

9. BETRI ZIKIFA

Usitupe betri chooni, kisimani wala kando ya mto wa mchanga tunapochota maji. Usizichome, maana nyingine hulipuka. Usiwape watoto wachezee, na betri ndogo kama kifungo ni hatari zaidi: mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo kwa saa chache, kwa hivyo mkimbize hospitali mara moja. Zikusanye ndani ya chupa kavu ya plastiki. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wanaoleta bidhaa nchini wawajibike pia kwa taka zake. Kwa hivyo kikundi kina haki ya kumuuliza mwenye duka na afisa wa kaunti: hizi tulizokusanya zitapelekwa wapi?

10. KAZI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

Mkikutana wiki hii, baada ya kusoma Injili, jadilini haya:

– Katika nyumba zetu, ni vyombo vipi vinavyosikiliza usiku na mchana? Vihesabuni.

– Kila nyumba ilitumia pesa ngapi za betri mwezi uliopita? Jumlisheni za jumuiya nzima.

– Ni nani kati yetu anaishi peke yake na ni mgonjwa au mzee? Kengele yake ina betri nzima? Nani atakuwa anaikagua?

– Je, tunaweza kununua betri nzuri pamoja kwa bei ya jumla, badala ya kila mtu kununua moja moja za bei ya chini?

Swali la tatu msiliruke. Betri tutakazookoa ni shilingi, na shilingi ni muhimu. Lakini mzee anayebonyeza kengele saa nane za usiku hahesabu miliampea. Anataka tu kujua kwamba upande wa pili kuna sikio, na sikio hilo bado lina nguvu ya kuamka.